UZI: Msitu wa Atewa nchini Ghana, ndege wake, na Mto Densu mpaka baharini

Wakuu wa jukwaa, naomba tujadili jambo la Ghana ambalo nimelifuatilia kwa muda mrefu. Nitaanza na Mto Densu, kwa sababu asiyeuelewa mto huo hataelewa kwa nini ndege wa nchi ile wanapungua.

Densu unaanzia katika safu ya milima ya Atewa, karibu na mji wa Kyebi katika Mkoa wa Mashariki. Unateremka kuelekea kusini, unajaza bwawa la Weija ambalo hupeleka maji katika sehemu za magharibi za Accra, kisha unaingia Bahari ya Atlantiki kupitia delta ambayo tangu mwaka 1992 imo katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Kwa maandishi, chanzo cha mto kinalindwa, na mahali unapoishia panalindwa vilevile. Hata hivyo ndege wa huko juu wamo hatarini na wa huko chini wamo hatarini, na ninaamini kwamba kosa kubwa limekuwa kuyashughulikia haya kana kwamba ni mambo mawili.

Nianze na msitu wenyewe. Hifadhi ya Msitu wa Safu ya Atewa ina eneo la hekta zipatazo 23,000, na imekuwa hifadhi tangu miaka ya 1920, enzi za ukoloni wa Waingereza. Ni mojawapo ya hifadhi mbili tu za Ghana zenye msitu wa kijani kibichi wa nyanda za juu. Nyingine ni Tano Offin, katika Mkoa wa Ashanti. Mito mitatu inazaliwa hapo: Densu, Birim na Ayensu, na watu zaidi ya milioni 5 wanategemea maji yake. Mwaka 1999 Atewa iliwekwa miongoni mwa misitu ipatayo 30 ya Ghana iliyotambuliwa kuwa maeneo ya bioanuwai yenye umuhimu wa kidunia. Zaidi ya spishi 200 za ndege zimeandikishwa humo, na vipepeo wake wanazidi spishi 500, idadi ambayo hakuna msitu mwingine wa Ghana unaoifikia.

Atewa ni sehemu ya ukanda wa misitu ya Guinea ya Juu, unaoanzia nchi ya Guinea, ukapita Sierra Leone, Liberia na Côte d'Ivoire, hadi Ghana. Ukanda huo umetengwa na misitu ya Kongo kwa pengo la nchi kavu yenye nyasi na miti michache, linaloshuka mpaka baharini katika Togo na Benin. Kwa sababu ya utengano huo wa muda mrefu, wapo ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila katika ukanda huo. Hondohondo mwenye mashavu ya kahawia ni mmoja wao. Katika Atewa yumo pia yule ndege mdogo mla wadudu anayeitwa kwa jina la Mlima Nimba, na wapenzi wa ndege husafiri kutoka mbali kumtafuta huko keremkerem mwenye masharubu ya buluu. Ndege wa namna hii hawana pa kuhamia. Hondohondo mkubwa anahitaji mti mzee wenye tundu la kutagia, na mti wa namna hiyo haupatikani katika shamba la kakao lililopandwa juzi.

Sasa nije kwenye tishio. Vilele vya Atewa ni bapa, na juu yake limekaa tabaka la boksiti, jiwe linalotolewa alumini. Tabaka hilo limefanyika kwa mamilioni ya miaka ya mvua kuulainisha mwamba, na pamoja na udongo wa msitu uliolifunika linafanya kazi ya sifongo: linayapokea maji ya masika na kuyaachia kidogokidogo wakati wa kiangazi. Boksiti haichimbwi kwa shimo jembamba ukauacha msitu juu yake. Ni lazima miti ing'olewe, udongo ukwanguliwe, kisha jiwe libebwe. Kwa hiyo kuchimba vilele vya Atewa ni kuondoa kile hasa kinachoufanya mto utiririke mwaka mzima.

Mwaka 2018 serikali ya Ghana iliunda kwa sheria shirika la kuendeleza sekta ya alumini, na mwaka huohuo ikaingia makubaliano na kampuni ya Sinohydro ya China, yenye thamani ya dola bilioni 2 za Marekani, ya kujengewa barabara na miundombinu mingine ambayo gharama yake ingelipwa kwa mapato ya boksiti iliyosafishwa. Mwaka 2019 matingatinga yaliingia Atewa kufungua njia za utafiti wa madini. Mwaka 2020 shirika la A Rocha Ghana, pamoja na mashirika mengine ya kiraia na raia kadhaa, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, wakidai kwamba uchimbaji katika msitu huo unavunja haki ya kikatiba ya wananchi, wa sasa na wa vizazi vijavyo, ya kuishi katika mazingira safi na salama. Mwaka 2021 baadhi ya kampuni kubwa zinazotumia alumini, BMW ikiwa mojawapo, ziliunga mkono wito wa kuuhifadhi msitu huo na kueleza kwamba hazitaki alumini itokayo Atewa.

Kisha ikaja kanuni ya mwaka 2022, inayojulikana Ghana kwa namba yake, L.I. 2462, kuhusu uchimbaji madini katika hifadhi za misitu. Miongozo ya mwaka 2001 iliyoitangulia iliweka kikomo: uchimbaji usizidi asilimia 2 ya misitu ya uzalishaji. Kanuni mpya ilifungua mlango wa Rais kuidhinisha uchimbaji hata katika yale maeneo ya bioanuwai yaliyotengwa mwaka 1999, iwapo ataona kuna maslahi ya taifa. Wanamazingira, wafanyakazi na viongozi wa dini waliipinga kwa nguvu, na mwaka 2025 serikali iliyoingia madarakani baada ya uchaguzi ilipeleka bungeni hati ya kuifuta. Hilo ni jema na ninalipongeza kwa dhati. Hata hivyo, hifadhi yenye umri wa karibu karne moja ilionekana kuwa kitu kinachoweza kufunguliwa kwa kanuni iliyopita bungeni bila kelele, na udhaifu huo hauondoki kwa kufuta kanuni moja.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa wanaoishi karibu na misitu ya vyanzo vya maji.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta uzi, asante kwa maelezo. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Nchi zote zilizoendelea zilichimba madini yao. Ghana ina vijana wasio na ajira na ina deni kubwa. Je, ni haki kumwambia Mghana aache utajiri chini ya miti kwa ajili ya ndege? Hao wazungu wanaokuja na darubini zao si ndio waliomaliza misitu ya kwao?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na Waghana wenyewe huliuliza. Nalijibu hivi.

Ghana haijaanza leo kuchimba boksiti. Mgodi wa Awaso, magharibi mwa nchi, ulianza kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha kuyeyusha alumini cha VALCO kilijengwa Tema katika miaka ya 1960, kikategemea umeme wa bwawa la Akosombo. Lakini katika miaka yote hiyo Ghana imekosa kiungo cha katikati, yaani kiwanda cha kuisafisha boksiti iwe alumina, hivyo jiwe la Awaso husafirishwa nje ghafi na VALCO huagiza alumina kutoka nje. Anayesema Atewa ichimbwe ili Ghana itajirike anapaswa kwanza kueleza kwa nini jiwe lililochimbwa miaka 80 halijaleta utajiri huo, na kwa nini msitu ndio utakaoziba pengo la kiwanda.

Pili, fedha ihesabiwe yote. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa kiuchumi uliolinganisha njia mbalimbali za kuitumia Atewa, na njia iliyoonekana kuwa na faida kubwa zaidi kwa muda mrefu ni kuifanya hifadhi ya taifa na kuizungushia ukanda wa matumizi yaliyodhibitiwa. Sababu ni maji. Boksiti huuzwa mara moja, ilhali maji ya Accra na ya mashamba ya kakao yanahitajika kila siku ya maisha ya watu.

Kuhusu wageni na darubini zao, ni kweli wapo. Lakini waliokwenda mahakamani ni Waghana. Na mfalme wa Akyem Abuakwa, Okyenhene Amoatia Ofori Panin, ambaye milima hiyo imo katika himaya yake, amekuwa akiitetea mazingira ya watu wake tangu alipotawazwa mwaka 1999. Tusiwanyang'anye Waghana vita yao kwa kuiita ya wazungu.

Niongeze jambo ambalo linanisumbua. Hazina kubwa zaidi ya boksiti ya Ghana iko Nyinahin, nayo imo katika Tano Offin, ule msitu wa pili wa nyanda za juu nilioutaja. Kwa hiyo kila ninaposikia mtu akisema "waiache Atewa waende Nyinahin" moyo wangu haupoi, kwa sababu tutakuwa tumeokoa msitu mmoja kwa kumtoa kafara ndugu yake pekee.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi ninaishi Morogoro. Ulivyoeleza Densu ni sawasawa na Ruvu yetu, inayopata maji yake Uluguru na kunywewa Dar es Salaam. Na sisi tuna ndege ambao hawapo popote duniani isipokuwa katika milima ile. Swali langu ni kuhusu dhahabu. Ninasikia Ghana inasumbuliwa na wachimbaji haramu kuliko hata hiyo boksiti. Je, wao wanahusikaje na ndege?

Mleta uzi

Umelenga penyewe, ndugu yangu wa Morogoro. Boksiti ni tishio linalosubiri ruhusa. Dhahabu haisubiri ruhusa ya mtu.

Uchimbaji huo Waghana wanauita galamsey. Zamani ulikuwa wa watu wenye sururu na karai, na ulikuwepo kabla ya ukoloni. Kilichobadilika ni mashine: ekskaveta zinazopindua kingo za mto, na mitambo inayokaa majini ikifyonza mchanga wa sakafu ya mto, huku zebaki ikitumiwa kukamata dhahabu. Mito Pra, Offin, Ankobra na Birim imegeuka rangi ya udongo. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya maji ya Ghana ilitangaza kwamba mtambo wa Sekyere Hemang, unaohudumia Cape Coast na jirani zake, ulikuwa ukipokea maji yenye wastani wa tope wa vipimo 14,000, wakati ulijengwa kusafisha maji yasiyozidi vipimo 2,000.

Sasa jiulize ndege anayevua samaki kwa kutazama ataishije hapo. Mdiria anayetegemea macho yake hawezi kuona samaki katika maji mazito kama yale. Kingo anamotoboa tundu la kutagia zimepinduliwa na mashine. Wadudu wa majini, ambao mabuu yao huishi kwenye mawe safi ya mto na ambao wakikomaa huliwa na ndege wa kando ya mto, hufunikwa na tope. Zebaki nayo hupanda kutoka mdudu kwenda samaki, kutoka samaki kwenda kwa mlaji, ikiongezeka kila hatua, na binadamu ni mmoja wa walaji hao.

Ndani ya msitu kuna ukataji haramu wa mbao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha ndege wa tabaka la chini la misitu ya Ghana kati ya mwaka 1995 na 2010, ukakuta kwamba idadi yao ilipungua kwa zaidi ya nusu katika misitu iliyokatwa. Hawa ni ndege wadogo wa kivulini, wanaofuata misafara ya siafu ili kula wadudu wanaokimbia, na wengi wao hawathubutu kuvuka uwazi. Magogo machache yakitolewa, mwanga unaingia, vichaka vinasongamana, na mahali ambapo mtu wa mbali anaona bado pana kijani, ndege huyo haoni tena msitu.

Halafu kuna kasuku wa kijivu, ambaye Watanzania na Wakenya wengi wamemwona katika kizimba tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kasuku hao wamepungua nchini Ghana kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Katika sehemu moja ya kulala ambayo zamani ilikusanya mamia kwa mamia ya kasuku, watafiti walihesabu 18. Mwaka huohuo wa 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimhamishia kasuku huyo katika orodha ya juu kabisa, na biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kwa Ghana marufuku hiyo ilikuja miti mirefu ya kutagia ikiwa imekwisha kupungua, na hapo ndipo ninaposikitika zaidi, maana kuzuia mtego bila kuacha mti wa kutagia kunamwacha kasuku huyo bila kizazi.

Mchangiaji wa tatu

Mleta uzi umesema delta nayo ipo hatarini lakini hujaieleza. Mimi ni mtu wa Mombasa, ndege wa pwani ndio ninaowajua. Je, huko kwao hakuna hata habari njema moja?

Mleta uzi

Ipo, na inamhusu ndege unayemjua. Buabua wa rangi ya waridi, ambaye huzaliana katika visiwa vya pwani ya Kenya kama Kisite, ana jamaa zake wanaozaliana Ulaya, hasa katika kisiwa cha Rockabill nchini Ireland. Majira ya baridi yanapofika kule, jamaa hao husafiri hadi pwani ya Afrika Magharibi, Ghana ikiwa mojawapo ya vituo vyao vikuu. Watoto wa pwani ya Ghana walikuwa wakiwatega kwa vitanzi ufukweni, wengine kwa kitoweo na wengine kwa mchezo, na ndivyo ilivyogunduliwa kwamba pete walizovalishwa ndege huko Ulaya zilikuwa zikionekana mikononi mwa watoto wa Ghana.

Mwaka 1985 ulianzishwa mradi wa kuwaokoa ndege wa ufukweni. Badala ya kutegemea polisi, mradi huo uliwaendea watoto wenyewe shuleni, ukaanzisha vilabu vya wanyamapori, ukazungumza na wavuvi, ambao tangu zamani hutazama buabua ili kujua samaki walipo. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa mwaka 1991 Jumuiya ya Wanyamapori ya Ghana, ambayo ndiyo mshirika wa BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, nchini humo. Ninauheshimu sana mradi ule kwa kuwa ulianza na yule aliyeshika mtego.

Tatizo la delta leo ni ardhi. Accra imepanuka kuelekea magharibi, na kiwanja karibu na bahari kina bei. Nyumba zimejengwa ndani ya eneo la Ramsar la Densu. Mvua zinapokuwa kubwa, bwawa la Weija hulazimika kufungua milango ili lisipasuke, na maji huenda palepale ambapo yamekuwa yakienda siku zote, safari hii yakikuta vitanda na majiko ya watu. Sakumo, ardhi oevu nyingine karibu na Tema, imeliwa zaidi. Serikali imewahi kubomoa nyumba huko, na ujenzi haujakoma. Ndege wa tope, wale wenye miguu mirefu na midomo ya kuchokonoa, wanahitaji maji ya kina kifupi yanayopanda na kushuka. Yakijazwa kifusi, chakula chao kimekwisha hata kama tai na mbwa hawajawagusa.

Habari njema ya pili iko Bonkro. Yupo ndege wa ajabu aitwaye Picathartes, mwenye kichwa kipara cha manjano na shingo nyeupe, anayejenga kiota cha udongo chini ya miamba iliyoinama ndani ya msitu. Ghana ilikwisha kumkatia tamaa tangu miaka ya 1960, mpaka alipopatikana tena mwaka 2003. Siku hizi wanakijiji wa Bonkro ndio wanaowaongoza wageni kwenda kumwona, kwa ada inayoingia kijijini. Si fedha za kujenga barabara ya taifa, lakini mwindaji wa zamani akipata riziki yake kwa kumlinda ndege, mwamba ule una mlinzi anayeamka nao kila siku.

Mchangiaji wa pili

Swali la mwisho, mkuu. Kuifanya Atewa hifadhi ya taifa kutabadilisha nini kama watu wa dhahabu hawaheshimu sheria yoyote?

Mleta uzi

Kutabadilisha mambo mawili. La kwanza ni la kisheria. Hifadhi ya msitu nchini Ghana ni aina ya ulinzi iliyoundwa tangu mwanzo ikiruhusu matumizi, hasa mbao, na ndiyo maana kanuni ya 2022 iliihusu hasa. Hifadhi ya taifa iko chini ya idara ya wanyamapori na kusudi lake ni uhifadhi. Waziri anayetaka kuchimba humo angelazimika kwanza kuifuta hadharani.

La pili ni la watu. Hifadhi ya taifa inahitaji askari wake, bajeti yake na makubaliano na vijiji vinavyoizunguka, na hapa ninakubaliana nawe kwamba bila makubaliano hayo jina jipya halitamzuia mwenye ekskaveta. Vijiji vya Atewa vinalima kakao. Mkulima aliyekosa bei nzuri ya kakao ndiye anayemuuzia mchimbaji shamba lake, kwa hiyo bei ya kakao ni sehemu ya ulinzi wa hondohondo. Ukanda wa matumizi uliopendekezwa mwaka 2016 ulilenga hapo: kakao ya kivulini, miti ya asili ikiachwa shambani, na mazao ya msitu yanayovunwa bila kukata mti.

Nitakayoyatazama kuanzia sasa ni haya: Mahakama Kuu itaamua nini katika kesi ya mwaka 2020, na kama serikali iliyopeleka hati ya kuifuta kanuni ya uchimbaji itakuwa tayari pia kuitamka Atewa kuwa hifadhi ya taifa, pamoja na kueleza mpango wake kwa Tano Offin. Mwenye taarifa kutoka huko azilete hapa.